Friji ya kampavani imekausha betri usiku mmoja, mkilala pasipo umeme nyie mnafanyaje?

Turubai

Wakuu habari zenu, naomba msaada kabla sijatupa hela. Nina vani niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshageuzwa kampavani, ina kitanda, jiko na kifriji chenye swichi ya sehemu tatu, pamechorwa plagi, betri na moto. Siku zote nalala sehemu zenye soketi, nachomeka waya maisha yanaendelea. Sasa wiki iliyopita tumeenda kulala porini siku mbili hakuna umeme hata wa kuchaji simu, nikageuza swichi kwenye alama ya betri nikapanda kitandani, ilikuwa kama saa nne usiku. Saa kumi na moja alfajiri naamka kwenda haja, nabonyeza taa haiwaki, maziwa ya uvuguvugu, betri ya nyuma imekufa kabisa na ni ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) haina hata mwaka. Injini iliwaka bila shida maana kuna rilei inatenganisha betri ya kuwashia na hii ya nyuma.

Nna mawazo matatu. Kwanza niongeze betri ya pili. Pili kuna jamaa kanambia niweke inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, halafu friji niichomeke upande wa plagi, eti inakula kidogo. Tatu ninunue kijenereta. Lipi la maana hapo? Ah na kingine, friji hii hata ikifanya kazi haina mlio wowote, sijui kama ina uhusiano.

Sola Kwanza

Mkuu bandika paneli ya wati 100 juu ya paa mchezo umeisha, mimi ninayo mwaka wa pili huu sijawahi kuwaza betri.

Nyaya Nene

Sola Kwanza usimpoteze mwenzio, wewe una friji ya kompresa, yeye kasema yake haina mlio, hiyo ni friji ya gesi na kwake paneli yako ni tone baharini.

Turubai, hilo la kutokuwa na mlio ndo jibu lenyewe. Friji yako haina kompresa wala pampu, haina kitu kinachozunguka humo ndani. Inapoza kwa kupashwa moto, najua inasikika kama kichekesho lakini ndo hivyo. Nyuma kuna mabomba yana amonia, maji na hidrojeni, moto unachemsha ule mchanganyiko, amonia inapanda juu kama mvuke, inapoa inakuwa maji maji, inashuka ndani ya friji inageuka mvuke tena na pale ndo inanyonya joto la vitu vyako, kisha inarudi kwenye maji na safari inaanza upya. Mtindo huu ulibuniwa na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na mpaka leo haujabadilika sana.

Sasa friji haijali joto limetoka wapi, iwe moto wa gesi, iwe hita ya umeme wa ukutani, iwe hita ndogo ya volti 12. Tatizo ni kwamba hita ni hita. Hiyo ya volti 12 inakula wati 100 hadi 150 hivi kutegemea na ukubwa wa friji, yaani ampea 8 mpaka 12 na ushee, na kwenye friji nyingi za zamani upande huo hauna hata thamostati ya kuizima baridi ikitosha, inakula mfululizo usiku kucha. Piga hesabu mwenyewe, ampea 11 kwa saa 7 ulizolala ni Ah 77. Utasema mbona betri ni ya 100? Ile 100 ya betri ya asidi imeandikwa kwa kuitoa taratibu, ampea 5 kwa saa 20, ukiivuta mara mbili ya hapo hupati zote, na huenda hata haikuwa imejaa ulipoanza. Tena betri ya asidi ukiitoa zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo ya kutumia kwa amani ulikuwa na Ah 50 tu.

Alama ya betri kwenye swichi maana yake ni "nikiwa naendesha". Altaneta, ile dinamo ya injini, inazunguka, inalisha ile hita, friji inabaki na ubaridi wake mpaka ufike. Ukizima injini geuza, usisubiri hata ukapige picha machweo.

Betri ya pili itakupa usiku wa pili, wa tatu utarudi kuandika hapa. Na inveta ni mbaya zaidi, huyo rafiki yako mwambie hita ya upande wa plagi nayo inataka wati zilezile au zaidi, halafu inveta inachukua asilimia 10 au 15 yake ya njiani. Ni sawa na kubeba maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Turubai

Duh. Yaani muda wote huu nimekuwa nachemsha friji kwa betri. Kwa hiyo ile alama ya moto ndo ya porini? Sijawahi kuigusa, naogopa kulala na moto unawaka ndani.

Bi Mwendo

Mdogo wangu huo moto hauwaki ndani unapolala, upo nyuma ya friji kwenye kichumba chake na moshi unatoka nje kupitia dohani na zile grili pembeni ya gari. Kama ilifungwa sawasawa hewa ya nyuma ya friji na hewa ya kitandani hazikutani kabisa. Lakini umesema ulinunua kwa mtu, basi usiamini tu, toa zile grili uchungulie kama pamezibwa vizuri, kama unaona mwanga wa ndani ya gari ukiwa umesimama nje ujue pana mwanya na moshi utapita palepale. Mpeleke fundi wa gesi akague mpira, regileta na maungio, mpira wa gesi unazeeka hata kama hujautumia. Na king'ora cha kaboni monoksidi ni lazima, hicho hakina mjadala, ile hewa haina harufu wala rangi.

Mimi nina friji kama yako miaka kumi na moja, na nalala porini wiki nzima bila kuwaza betri, inanisaidia taa na simu tu. Kwa siku friji inakula gesi kama gramu 250 hadi 300, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ukiwa wa friji peke yake unakwenda wiki mbili na zaidi, hakuna betri utakayonunua kwa hela hiyo ikakufanyia hivyo. Ila ina tabia zake uzijue.

Ya kwanza na kubwa ni gari kukaa sawa. Nyaya Nene kaeleza vizuri kwamba hakuna pampu, maana yake kila kitu humo kinashuka kwa uzito wake, sasa ukiegesha kwenye mteremko yale maji yanatuama pasipotakiwa, friji haipozi na ile sehemu ya kuchemshia inaunguzwa ikiwa kavu. Ukizoea kufanya hivyo mabomba yanaziba kwa chembe za ile dawa ya kuzuia kutu, na yakiziba hakuna fundi atakayekuzibulia, unanunua friji. Njiani haina neno kwa sababu gari linatikisika, maji yanajirudi yenyewe. Weka pimamaji ndogo ndani ya friji, juu ya rafu si juu ya meza, mana meza za vani nani anajua zilifungwaje, halafu panda kabari kwenye matairi mpaka ikae katikati.

Ya pili ni uvumilivu. Haipozi haraka, ukiiwasha asubuhi ukitegemea barafu mchana utaitukana bure. Mimi naiwasha jana yake nyumbani kwa umeme wa ukutani, naijaza vitu ambavyo tayari ni baridi, chupa mbili za maji nimezigandisha kabisa, ndo naondoka. Ukiweka vitu vya moto jioni ujue mpaka kesho yake.

Na gesi izimwe ukiwa unaendesha, na ukikaribia kituo cha mafuta hakikisha mara mbili. Moto unaowaka mahali panapotoka mvuke wa petroli hauhitaji maelezo.

Koleo Kutu

Bi Mwendo heshima yako, ila naomba nipingane kidogo. Hizi friji za gesi ni nzuri kwenye baridi. Joto likipita nyuzi 32 au 35 huko nje inaanza kuhema, mchana ndani unakuta nyuzi 10 au 12, maziwa yanaharibika na wewe una gesi na una pimamaji. Mimi niliing'oa yangu nikaweka ya kompresa ya volti 12 na sijajuta siku hata moja, inapoza hata gari likiwa limelala upande na hata jua likiwa kali kiasi gani, na ndani ya saa moja au mbili chupa ina jasho.

Hesabu yake hii hapa. Kifriji cha lita 40 au 50 kikiwa kinazunguka kinakula ampea 4 hivi, lakini hakizunguki muda wote, kinawaka kinazima, kwenye hali ya kawaida theluthi moja ya muda na kwenye joto kali karibu nusu. Kwa siku nzima ni Ah 30 mpaka 45 au 50. Hiyo ndo tofauti na hita yako inayotaka zaidi ya Ah 200 kwa siku! Betri yako ya asidi ya 100 ingekifikisha siku moja na kidogo. Ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, unaweza kuitoa asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, kwa hiyo ya Ah 100 inakupa siku mbili bila jua lolote. Halafu ndo yule kijana wa paneli anapata haki yake, wati 100 zilizolala juu ya paa siku ya jua zuri zinaleta kama Ah 25 hadi 30, ukiweka 200 friji inajilisha yenyewe.

Sola Kwanza

Asante mkuu, nilijua nitatetewa tu 😂

Nyaya Nene

Kabla hujashangilia, waambie kwamba ukiegesha kivulini ili friji isihangaike na joto, paneli nayo imekaa kivulini. Huwezi kula pande zote mbili. Hata kivuli cha tawi moja kwenye kona kinaweza kukata nusu ya umeme au zaidi. Ndo maana wengine wana paneli ya kukunja, gari linakaa kivulini paneli unaianika juani kwa waya wa mita kadhaa, unaigeuza ikifuata jua kama una muda, na watu wa kambi wana muda.

Na Koleo umesahau waya, kama kawaida yenu mnaouza friji. Nimeitwa kwenye vani kama nne hivi mtu analalamika friji mpya ya kompresa inawaka inazima inawaka inazima, betri imejaa, anataka kuirudisha dukani. Ukifungua ukuta unakuta kawaya ka milimita za mraba moja na nusu kametembea mita tano kwenda na tano kurudi. Kwa ampea 5 hapo unapoteza kama volti 0.6 njiani, na kompresa ikitaka kuamka inavuta zaidi kwa sekunde kadhaa, friji inaona volti zimeshuka inadhani betri imeisha inajizima kuilinda, nyingi zinajizima karibu na 10.4. Weka waya wa milimita 4 au 6 peke yake kutoka betri hadi friji, usiuchepushe kwenye waya wa taa, na fyuzi iwe karibu na betri siyo karibu na friji, mana fyuzi kazi yake ni kulinda waya usiungue. Ukipima volti pimia kwenye friji kompresa ikiwa inazunguka, ukipimia kwenye betri utadanganyika.

Jenereta sijalisema maana sitaki ugomvi na majirani zako wa kambi. Ila betri ya asidi haijazwi kwa pupa, mpaka asilimia 80 inameza vizuri, ile 20 ya mwisho inanyonya kidogo kidogo masaa kibao, sasa utawasha injini ya petroli masaa matano kujazia vijiko vya mwisho? Na moshi wake ni ileile kaboni monoksidi aliyoisema dada.

Mlango wa Nyuma

Samahani kwa kudandia uzi. Gari langu ni la miaka ya karibuni, nina kompresa na lithiamu, rilei ya kawaida ya kutenganisha betri. Naendesha saa tatu nzima nikifika betri ya nyuma imeongezeka kidogo tu. Altaneta mbovu?

Koleo Kutu

Si mbovu, ni mjanja. Magari mengi mapya altaneta inashusha volti betri ya mbele ikishajaa ili kuokoa mafuta, na rilei haiwezi kuongeza volti ambazo hazipo. Weka chaja ya betri kwa betri ya ampea 20 au 30, hiyo inapokea volti zozote zinazokuja inazipandisha mpaka 14.4 inayotakiwa. Ya ampea 30 ukiendesha saa moja na nusu umeshalipia friji siku nzima. Tena inailinda altaneta yenyewe, lithiamu ukiiunga moja kwa moja ina tamaa, inavuta yote, na injini ikiwa sailensa, gari limesimama, hakuna upepo wa kuipoza altaneta. Na kama unakwenda sehemu za baridi kali usiichaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri labda iwe na kinga yake.

Turubai

Wakuu nimerudi. Nimeamua kuanza na gesi kwanza maana friji ipo na mtungi upo. Fundi wa gesi amekagua, mpira kaubadilisha, grili ya chini ilikuwa na mwanya upande wa ndani sawasawa na alivyosema Bi Mwendo, ameuziba. King'ora nimefunga. Jana nimejaribu uani, moto unawaka lakini baada ya saa sita ndani imeshuka nyuzi tatu tu, na moto una rangi ya njano njano. Gari liko sawa, nimepima kwenye rafu.

Bi Mwendo

Njano siyo, inatakiwa bluu. Zima mara moja usiendelee kuiwasha, moto wa njano unatoa masizi na hewa chafu. Kama imekaa miaka bila kutumika bana, kile kichomeo cha gesi, imejaa kutu na vumbi, na buibui wanapenda sana kale kabomba, sijui wanafata nini. Mrudishe fundi afungue bana asafishe na dohani apige brashi, jeti asiitoboe na sindano, ile tundu ina kipimo chake, aioshe tu au aweke mpya. Na muulize ni gesi gani kwenye mtungi wako, kama ni butani tupu ukienda penye baridi karibu na sifuri haitoki, itabaki maji humo mtungini. Propani haina hiyo shida.

Nyaya Nene

Ukimaliza hapo, funga feni mbili ndogo kama za kompyuta nyuma kwenye grili ya juu zikitoa hewa ya moto nje, zinakula ampea 0.3 zote mbili, joto la mchana linapungua makali. Kule juu tu, pale chini kwenye bana usiweke upepo. Na egesha upande wa friji ukiwa hauangalii jua la mchana.

Turubai

Mrejesho. Kulikuwa na buibui kweli, na utando wake 😅. Fundi amesafisha, moto bluu, feni nimeweka mbili. Nimetoka kulala huko huko porini siku tatu, nimepasha friji, samahani nimepoza friji kwa umeme siku moja kabla, njiani kwenye alama ya betri, nilipofika nikazima injini nikageuza kwenye moto kabla sijafungua hata mlango. Asubuhi ya kwanza nyuzi 4, mchana ilipanda mpaka 8 jua lilikuwa kali, usiku ikarudi 4. Betri siku ya tatu inasoma 12.5 nikiwa nimetumia taa na simu. Hela ya betri ya pili bado ninayo mfukoni, Koleo usinitumie picha za kompresa tafadhali.

Koleo Kutu

8 mchana hiyo. Nakusubiri kiangazi.